Kwenda kwa bibi Lushoto na watoto wadogo: mwongozo wa mama aliyetapikiwa mpaka kwenye viatu

Likizo ya mwezi wa sita inakuja na najua wengi mmeshaanza kuulizwa "mnakuja lini, tuone wajukuu". Mimi nakaa Dar, mume wangu ni wa Lushoto, nina wawili, wa kike miaka minne na nusu na wa kiume mwaka na miezi miwili. Tumeshaenda na watoto mara tano, na katika hizo tano mbili nilirudi nimeapa mbele ya mashahidi kua siendi tena mpaka waanze darasa la saba. Zile tatu zilizobaki zilienda vizuri sana na nilipokaa nikajiuliza tofauti ni nini, nikaona ni moja tu: zile nzuri tulipanga safari kwa saa za mtoto, zile mbaya tulipanga kwa saa za watu wazima alafu tukategemea mtoto ajiongeze. Mtoto hajiongezi. Akisikia usingizi analia, akisikia njaa analia, na wewe uko sebuleni kwa watu unatabasamu huku jasho linakutoka.

Nimeandika kwa njia ya Lushoto maana ndio naijua, ila hata kama kwenu ni Same au Muheza mengi yatakufaa.

Hatua ya 1: Andika siku ya mtoto kwanza, tiketi baadae

Siku tatu kabla ya kupanga chochote, chukua karatasi uandike mtoto anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, analala mchana saa ngapi na kwa mda gani. Usikisie, andika. Mimi nilikua najua mtoto wangu "analala mchana", nilipoandika nikakuta wa kiume analala saa nne asubuhi na tena saa tisa, wa kike saa nane tu na asipolala hapo basi jioni yote ni vita. Karatasi hiyo ndio ratiba yenu. Shughuli zote za kwenda kusalimia, kwenda sokoni, kwenda kuona mandhari, mnazipachika kwenye nafasi zinazobaki.

Alafu hesabu siku. Siku ya kufika na siku ya kuondoka sio siku, zitoe. Siku ya kwanza asubuhi baada ya kufika nayo itoe, hiyo ni ya watoto kulala na kuzoea sura za watu. Kwahiyo ukienda kwa siku tatu umeenda kuchoka tu. Sisi tunakwenda usiku tano au sita, chini ya hapo bora nimtumie mama nauli aje yeye.

Na mpigie simu mama mkwe mwenyewe kabla ya kutangaza kwenye grupu la ukoo. Akisikia kutoka kwa shangazi kua mnakuja, umeshaanza vibaya.

Hatua ya 2: Tiketi, na siti ya upande upi

Mabasi yanaondokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Kuna ya moja kwa moja mpaka Lushoto, na kuna ya kupanda la Moshi au Arusha ukashuka Mombo, ukadaka haisi au noah za kupanda mlimani. Ukiwa na watoto wadogo chukua la moja kwa moja hata kama gari lenyewe ni la kawaida. Kushuka Mombo saa saba mchana kwenye jua, mabegi manne, mmoja mgongoni mmoja mkononi, huku wapiga debe watatu wanagombania begi lako, hiyo nimeshafanya na simshauri mtu.

Kata tiketi mapema maana mwezi wa sita shule zinafunga na kila mtu anakwenda kwao. Mtoto wa miaka minne mkatie siti yake. Najua inauma, unajiambia nitampakata, lakini kumpakata mtoto wa kilo kumi na saba kuanzia Mbezi mpaka Lushoto utafika miguu sio yako, na mtoto akilala anakua mzito mara mbili sijui kwanini.

Siti sasa. Usikae nyuma kabisa, kule basi linarusha na harufu zote zinakwenda huko. Usikae juu ya tairi. Kaa katikati kuelekea mbele, dirishani. Na hili hakuna aliyeniambia nililigundua mwenyewe baada ya kuungua: mkiondoka Dar asubuhi kaeni upande wa mlango, sio upande wa dereva. Kuanzia Chalinze gari linashika kwenda kaskazini kuitafuta Segera na jua la asubuhi linapiga upande wa dereva kwa masaa. Mkirudi asubuhi kutoka Lushoto ni kinyume chake, kaeni upande wa dereva. Mapazia ya mabasi yetu mnayajua, nusu hayafungi na nusu hayapo.

Hatua ya 3: Begi la miguuni

Begi kubwa lipeleke kwenye buti usilifikirie tena. La muhimu ni lile la miguuni, ndio litakalokuokoa njia nzima. La kwangu lina vitu hivi: pampasi kwa idadi ya masaa gawanya kwa mbili na ongeza tatu, waipsi, khanga mbili (moja ya kumfunika anaponyonya, ikishindikana ni pazia, ni shuka, ni taulo, ni mto), nguo za kubadilisha seti mbili kwa kila mtoto na BLAUZI MOJA YA MAMA. Wote tunabeba za watoto tunajisahau, alafu unafika ukweni unanuka maziwa yaliyochacha na watu wamejipanga kukukumbatia.

Thamosi ya maji ya moto, uji wa unga kwenye kikopo pembeni ukorogee hukohuko. Mkate mkavu, bisikuti zisizo na krimu, ndizi mbivu chache. Poti ndogo ya plastiki kama mtoto ameacha pampasi, nitaeleza kwanini.

Sasa kitu cha kutapikia. Zamani tulikua na rambo na maisha yalikua rahisi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumebaki na hii mifuko laini ya kama kitambaa, na wengi hawajui mpaka siku ya siku: ile inavuja. Nilimkinga binti yangu nayo pale juu ya Mombo, nikajipongeza nimewahi, sekunde mbili baadae nasikia uvuguvugu kwenye vidole vya miguu. Nilikua nimevaa sendozi. Kwahiyo beba kopo la plastiki lenye mdomo mpana na mfuniko unaobana, lile la aiskrimu la lita mbili linafaa kabisa, weka tishu chini kidogo. Akitapika unafunika, harufu inaisha, mkisimama unamwaga na kusuuza. Hakuna kitu nimewahi kununua cha faida kama lile kopo na nilianza kwa kula aiskrimu.

Kadi za kliniki za watoto wote ziwe kwenye begi hili hili. Na dawa ya homa ya maji yenye kipimo chake, dozi uliyoelekezwa kwa uzito wa mtoto na sio ya kukisia kwa umri, pamoja na pakiti tatu nne za ORS, ile ya kukoroga mtoto akiharisha. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji safi, sio glasi, nimeshaona mtu anakoroga kwenye glasi. Ikishakorogwa ikimaliza siku unamwaga.

Hatua ya 4: Njiani

Asubuhi ya safari mtoto ale kidogo na chakula kikavu. Chai ya maziwa, chapati yenye mafuta na mayai saa kumi na moja alfajiri ni kujitafutia. Na njiani mtakutana na kila aina ya kishawishi, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, korosho, machungwa ya Muheza yamemenywa vizuri yanapita dirishani, mtoto ananyoosha mkono. Mnunulie machungwa mle mkifika.

Kuchimba dawa. Wenye watoto mnajua basi likisimama kichakani konda anapiga kelele "dakika tano" na kweli anamaanisha tatu. Mtoto wa kike wa miaka minne hawezi kwenda haraka kichakani, nyasi zinamchoma, anaogopa, mkojo unagoma, mkirudi kwenye gari unakuja. Ndio maana ya ile poti, unaiweka chini pembeni ya gari unamzungushia khanga anamaliza anacheka. Usisubiri aseme amebanwa, kila gari linaposimama mpeleke, hata akikataa.

Mkifika hotelini pa kula, mmoja wenu abaki anatembeza watoto na mwingine ale, alafu mnabadilishana. Msikae meza moja kama familia ya kwenye tangazo, mtaachwa.

Sasa Mombo. Hapa ndio mtihani wenyewe. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 tu lakini ni kona juu ya kona, mlima huku bonde huku, na watoto wakubwa kidogo ndio wanaoteseka, wale wa chini ya miaka miwili mara nyingi hawasikii kitu, wa kwangu wa kiume alilala njia nzima kama mbunge. Kabla ya kuanza kupanda fanya hivi: simu na katuni zima, kitabu weka, mtoto akae wima aangalie mbele mbali sio chini, fungua dirisha kidogo hewa ipite, kopo liwe mapajani sio kwenye begi. Ukiona amenyamaza ghafla, anapiga mwayo mwayo, mate yanamjaa na midomo imepauka, una kama dakika moja. Usimuulize "unataka kutapika?", fungua kopo. Vidonge vya kuzuia kutapika vya watu wazima usimkatie nusu ukampa, uliza daktari au mfamasia kabla ya safari kama mtoto wako anasumbuka sana.

Tukipita Soni huwa namwambia atafute maporomoko ya maji, akiangalia nje kichefuchefu kinapungua. Na hapohapo Soni wavalishe masweta na soksi, usisubiri mfike. Mmetoka Dar kwenye joto, Lushoto iko juu kiasi cha mita 1,400 na mwezi wa sita na wa saba jioni ni baridi ya kweli, ile ya kutoa moshi mdomoni. Mara ya kwanza nilienda na vigauni vya mikono mifupi nikaishia kumvisha mtoto sweta la binamu yake wa miaka tisa.

Hatua ya 5: Dakika ishirini za kwanza

Mnashuka, watu kumi na wawili uani, kila mtu anataka kumbeba mtoto, mtoto hajaona hata mmoja wao tangu akiwa anatambaa. Analia, anajificha kwenye khanga yangu, na mtu mmoja lazima aseme "mbona hana adabu, hajui shikamoo?" Hapo usimlazimishe na usimpige kibao cha mgongo mbele za watu. Salimia wewe kwanza, kwa heshima zote, piga goti kama kwenu ndivyo, mtoto akiwa ameshika nguo yako anaona. Mimi wiki nzima kabla ya safari tunapiga simu ya vidio kwa bibi kila jioni, dakika mbili tu, "shikamoo bibi", "marahaba mjukuu wangu, umekula nini?", basi kwaheri. Akifika anamtambua kwa sauti kwanza hata kabla ya sura.

Kuna utani pia wa kumuandalia mtoto. Babu mkwe mara ya kwanza alimpokea binti yangu na "karibu mke wangu! umechelewa, nani anipikie?" Yule mtoto alimuangalia, akaniangalia, akapasua kilio, "mimi sio mke wake mama, mimi naenda chekechea!" Babu alicheka mpaka akakohoa, mtoto hakumsogelea siku mbili. Kwetu sisi huo ni upendo mtupu lakini mtoto wa Dar aliyelelewa na katuni hajui, kwahiyo muelezeni mapema kua babu atakuita mke wake na bibi atamuita mdogo wako mume wake, ni utani wao, na wewe unaruhusiwa kumjibu. Saivi anamjibu "mume gani huna meno", na babu ndio anataka hivo.

Mpe mtoto kazi ya kukabidhi zawadi. Sukari, mchele wa Kyela au wa popote ulipoupata, mafuta, sabuni, doti ya khanga ya bibi. Mtoto akibeba khanga kwa mikono miwili akampelekea bibi, barafu yote inayeyuka, na bibi atasimulia kanisani au msikitini mwezi mzima.

Hatua ya 6: Nani anaongea na bibi

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo ndoa zinapotikisika.

Mwaka jana mwezi wa sita mwanangu wa kiume alikua na miezi minne, ananyonya tu. Asubuhi ya pili naamka namkuta mama mkwe jikoni amempakata na kikombe cha uji mwepesi, kijiko kinaelekea mdomoni. Mtoto miezi minne. Nikasema kwa haraka na kwa sauti ambayo sikuipenda, "mama hapana!" Jiko zima kimya. Mama akaweka kijiko chini taratibu akasema "haya mwanangu, sisi tulilea tisa." Siku nzima hakuniongelesha zaidi ya "chakula tayari".

Tangu hapo sheria ya nyumba yetu ni moja: mwenye mama yake ndiye anayeongea na mama yake. Mume wangu anampigia wiki moja kabla na kumwambia, sio kwa kukataza, kwa kuomba msaada. "Mama, kliniki wametuambia mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, utusaidie kumlinda maana wageni watakua wengi." Unaona, sasa bibi sio mtuhumiwa, bibi ni mlinzi, na mtu mwingine akija na kikombe ni yeye mwenyewe anayefukuza. Lawama mtupie nesi, nesi yuko Dar hana tatizo.

Na umpe bibi kitu cha kufanya ambacho ni chake kabisa. Kuogesha. Kumbeba mgongoni. Mimi kuoga kwa jioni nimemuachia yeye asilimia zote, maji anayapima kwa kiwiko chake, mafuta anapaka anavyojua, mimi naenda kukaa. Bibi aliyepewa nafasi hagombanii kijiko.

Mengine ya kuombea hivohivo kwa adabu:

Asali. Kule asali ya kikohozi ipo kila nyumba na ni nzuri, lakini mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe hata tone, inaweza kua na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi na madhara yake ni makubwa, ya kulegea mwili mpaka pumzi.

Jiko la mkaa chumbani. Baridi ikizidi watu wanaingiza jiko ndani na kufunga madirisha, wanamaanisha wema. Hili sina adabu nalo, jiko lile la mkaa halilali chumba kimoja na wanangu. Hewa yake haina harufu na mtu anakufa usingizini bila kushtuka. Omba blanketi la ziada, vaa soksi mbili, waweke watoto katikati yenu.

Chandarua beba chako. Lushoto mjini mbu sio wengi kama Mombo au Korogwe lakini njia nzima ya chini mmepita na mnaweza kulala kwa ndugu wa Korogwe siku ya kurudi. Na mpira wa kitandani, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani nyumbani akipata baridi na sehemu ngeni anarudia, na godoro la mgeni huwa ndio jipya kuliko yote ndani ya nyumba ile, utaona aibu mwenyewe.

Jikoni kwa mafiga, sufuria liko chini, usawa wa mtoto anayejifunza kutembea. Mtu mzima mmoja awe na jina, "sasa hivi anayemuangalia ni fulani". Watu kumi na wawili wakimuangalia mtoto kwa pamoja hakuna anayemuangalia.

Hatua ya 7: Kuzungukia ndugu

Ukienda kwa shangazi usipokwenda kwa mjomba ni kesi, ukienda kwa wote watoto wanaumwa. Suluhisho letu: siku ya pili au ya tatu tunatoa hela ya nyama na viazi, bibi anaita watu nyumbani kwake mchana, anayekuja anakuja. Watoto wakisikia usingizi chumba kipo palepale, na bibi anafurahi nyumba yake imejaa. Wale wazee wasioweza kutembea ndio tunawafuata, nyumba mbili kwa siku basi, moja asubuhi baada ya usingizi wa saa nne, moja saa kumi. Nusu saa mpaka dakika arobaini kila nyumba. Ondoka mtoto akiwa bado anacheka. Ukisubiri aanze kulia ndio uage utaonekana umekimbia.

Chakula utapewa kila nyumba na kukataa huwezi. Onja wewe, sifia, omba kilichobaki ufungiwe "mtoto atakula akiamka". Na maneno mtaambiwa, mbona amekonda, mbona bado ananyonya, mbona hajaongea, Dar mnawalisha nini. Jibu langu ni "ndio maana nimemleta kwenu shangazi". Linafaa kwa maswali yote.

Hatua ya 8: Siku moja yenu wenyewe

Katika siku zote chukua asubuhi moja ya nyie wanne tu, muage vizuri muondoke. Sisi tunakwenda Irente. Ni kilomita chache kutoka mjini, kuna njia ya kutembea lakini na watoto kodi gari kwenda na kurudi mkubaliane bei na mda wa kusubiri kabla hamjapanda. Pale juu mlima unaishia ghafla kama umekatwa na kisu, chini kabisa unaona Mazinde na barabara ya kwenda Same kama uzi. Mkono wa mtoto usiuachie, hata kupiga picha, ukingo wenyewe hauna mzaha. Mdogo awe amefungwa mgongoni kwa khanga tangu mnashuka kwenye gari. Nendeni asubuhi, mchana ukungu ukishuka mtakua mmelipia kuona weupe. Karibu na hapo kuna shamba la Irente wanauza mkate, jibini na jemu, mnakaa kwenye nyasi watoto wanakimbia, hakuna anayewauliza shikamoo.

Binti yangu ukimuuliza Lushoto kuna nini hakutajii mlima, anakwambia kuna kuku anayelala kwenye kikapu cha viazi. Kwahiyo kama siku mvua imenyesha na hamkwenda popote, hamjapoteza kitu.

Hatua ya 9: Kurudi

Bibi atafunga viroba. Viazi, ndizi, maparachichi, maharage, na kuku mzima kama humjui. Usikatae ila muombe mume wako apange na bibi usiku wa kuamkia safari, sio saa kumi na moja asubuhi mnapoitwa na konda. Uliza kabisa basi linatoza shilingi ngapi kwa mzigo. Maparachichi yafungwe mabichi na juu ya viazi, usirudie kosa langu.

Mkishafika Dar, kwa wiki mbili tatu mtoto akipata homa usiseme ni uchovu wa safari. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo, mwambie mhudumu mlisafiri wapi, maana homa ya mbu wa Korogwe inaweza kuja wakati mmeshaisahau Korogwe yenyewe. Akiharisha endelea kumnyonyesha na kumlisha, ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na kituoni waulize vidonge vya zinki. Kinyesi chenye damu, macho yameingia ndani, hanyonyi, au amelegea hainuki shingo, usikae nyumbani unauliza watu mtandaoni.

Na zile ndoo na kapu la bibi mlizobebea vitu vyake ziandikieni jina lake kwa maka peni siku mnayofika. La kwetu la mwaka juzi lilipotelea kwa jirani na bibi bado analiulizia mpaka leo. Mtu wa kwanza wa ukoo anayepanda Lushoto mpe arudishe, ila lisiende tupu, tia sukari kilo mbili na lile sweta la binamu lililosahauliwa kwenye begi.